Mwanga Ndio Unaoliamuru Jani

Hotuba hii niliitoa Moshi mbele ya wakulima wa kahawa, walimu wa baiolojia na wanafunzi wa kidato cha tano na sita. Wengi waliokosa kufika wameiomba kwa maandishi. Naiweka hapa yote, bila zile picha za ukutani.

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu, mama zetu, walimu wenzangu, wanafunzi. Shikamooni wakubwa wangu. Vijana, habari za asubuhi.

Naomba nianze kwa kuuliza. Una mharage mmoja, kwenye kihamba kimoja, yaani shamba la nyumbani la huku kwetu. Kata jani lake saa nane usiku, kisha kesho yake kata jingine saa nne asubuhi. Yote mawili ni ya kijani. Yote mawili yana klorofili ileile, ile rangi ya kijani inayonasa mwanga, na karibu protini zilezile. Yasage upesi, uyachuje, uyape hewa ya ukaa na malighafi nyingine zote zinazotakiwa. La asubuhi litaishika kaboni vizuri. La usiku litasuasua, hata ukiliongezea hewa hiyo. Kwa nini?

Kwa nini, ndugu zangu, ikiwa kila kitu kimo?

Tumezoea kusema mmea unatumia jua kama nguvu, na ni kweli. Ninachotaka muondoke nacho leo ni kwamba jua linaleta pia amri. Ndani ya jani mna vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha kazi za kikemia, vinavyotengeneza sukari, na vimeng'enya hivyo havifanyi kazi kwa sababu tu vipo. Vinaamshwa, vinazuiwa, vinafunguliwa, na wakati mwingine joto linamwangusha yule anayevifungua. Mkulima anayelijua hili atakitazama kivuli cha shamba lake kwa jicho jingine.

Tuanze na kaboni yenyewe. Mti wa grevilea ulio nje ya ukumbi huu, uzito wake umetoka wapi? Wengi mtajibu: udongoni. Udongo umetoa maji na madini, na madini ni sehemu ndogo sana ya mbao. Kausha mbao, na karibu nusu ya uzito wake ni kaboni iliyotoka hewani. Na katika hewa hii tunayovuta, hewa ya ukaa haifiki hata sehemu moja kati ya elfu mbili!

Sasa nani anaikamata? Mwaka 1940, kule Berkeley, Marekani, Martin Kamen na Sam Ruben waligundua kaboni 14, kaboni yenye mnururisho ambayo unaweza kuifuata popote inapoingia. Baada ya vita vya pili vya dunia, Melvin Calvin, Andrew Benson na James Bassham waliitumia kufuatilia mwani wa kijani uitwao Chlorella. Waliuweka mwani kwenye chupa bapa, nyembamba, wakauwashia taa pande zote, wakaingiza kaboni 14, halafu baada ya muda mfupi wakafungua koki. Mwani ukadondokea ndani ya alkoholi ya moto na kufa papo hapo, na kazi yote ya kikemia ikasimama pale ilipokuwa imefikia. Wakaurudia mtihani huo huku wakifupisha muda mpaka sekunde chache tu. Kadiri muda ulivyopungua, ndivyo kaboni ile ilivyozidi kuonekana ndani ya kitu kimoja: asidi yenye kaboni tatu. Hapo wakajua mlango wa kuingilia.

Tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 1961 alipewa Calvin peke yake. Benson, aliyefanya sehemu kubwa ya kazi ile kwa mikono yake, hakutajwa. Hatua zile zote zinazoigeuza hewa ya ukaa kuwa sukari, mimi darasani naziita mzunguko wa Calvin na Benson, na nawaomba walimu wenzangu msiliache jina la pili.

Kimeng'enya kinachokamata hewa ya ukaa kinaitwa rubisko. Sam Wildman na James Bonner walikutana nayo mwaka 1947 ndani ya majani ya spinachi, protini nyingi ajabu, kabla kazi yake haijafahamika. Wanasayansi wengi huitaja kuwa ndiyo protini iliyo nyingi kuliko zote duniani. Katika jani la mbuni, la mgomba au la mharage, hadi nusu ya protini zinazoyeyuka katika maji zinaweza kuwa hiyo. Kwa nini iwe nyingi hivyo? Kwa sababu ni ya taratibu mno. Vimeng'enya vingi hukamilisha kazi yao mara mamia au maelfu kwa sekunde. Rubisko ya mimea hii hushika molekuli kama 3 kwa sekunde. Kama 3 tu! Jani halina budi kutengeneza rubisko kwa wingi ili kazi iende. Mama zangu mnaobeba samadi kutoka zizini kupeleka migombani, sasa mnajua inakoishia: karibu robo ya naitrojeni ya jani huingia kwenye protini hii moja.

Na rubisko ina udhaifu mwingine. Haitofautishi vizuri hewa ya ukaa na oksijeni. Mwaka 1971 George Bowes, William Ogren na Richard Hageman walionyesha kwamba kimeng'enya hichohicho hushika oksijeni pia. Ikishika oksijeni, mmea hupata takataka inayoulazimu kutumia nguvu kuisafisha, na sehemu ya kaboni iliyokwisha kushikwa hurudi hewani. Joto likipanda, makosa haya yanaongezeka. Kiangazi kikikaza na jani likafunga stomata, vile vitundu vyake vya kupitishia hewa, ili lisipoteze maji, hewa ya ukaa ndani ya jani inapungua, na makosa yanazidi. Hilo tutalirudia.

Nije sasa kwenye amri.

Wanafunzi wengi hutoka darasani wakiamini kwamba klorofili ndiyo inayohitaji mwanga, na kwamba kutengeneza sukari kunaweza kuendelea usiku kucha kwa kuwa hakugusi mwanga moja kwa moja. Wanafunzi wangu, haiendelei. Mwaka 1967 Bob Buchanan na wenzake, wakifanya kazi na kloroplasti, vile vifuko vya kijani vya seli ambamo sukari hutengenezwa, waliona kwamba kimoja cha vimeng'enya vya mzunguko ule huamka pale feredoksini, protini ndogo yenye chuma, inapopokea elektroni. Na elektroni hizo zinatoka wapi? Kwenye mwanga. Kazi iliyofuata miaka ya 1970 ikauonyesha mnyororo wote.

Niueleze polepole, maana ni mzuri. Baadhi ya vimeng'enya vya mzunguko huu vina jozi za atomi za salfa. Gizani salfa hizo zimeshikana mbili mbili, na kimeng'enya kimekaa katika umbo lisilofanya kazi. Kunapokucha, klorofili inapokea mwanga na elektroni zinaanza kutiririka. Baadhi zinafika kwenye feredoksini. Kutoka hapo zinapita kwa kimeng'enya kingine hadi protini nyingine ndogo, thioredoksini, na thioredoksini inakwenda kuziachanisha zile salfa zilizoshikana. Umbo linabadilika, kazi inaanza. Ndivyo vinavyoamka vimeng'enya viwili vinavyoondoa fosfati kwenye sukari za mzunguko. Ndivyo inavyoamka pia fosforibulokinasi, inayoitengenezea rubisko ile sukari ya kushikia hewa ya ukaa. Hiyo ya mwisho usiku inafungwa mara mbili: protini ndogo iitwayo CP12 huiunganisha na kimeng'enya mwenzake, vikakaa pamoja bila kazi mpaka mwanga uje.

Wakati huohuo, ndani ya kloroplasti pH, kile kipimo cha uchachu, inapanda kutoka karibu 7 hadi karibu 8, maana yake uchachu unapungua, na madini ya magnesi yanaongezeka. Rubisko inavihitaji vyote viwili. Kwa hiyo mwanga mmoja unatoa amri kwa njia tatu au nne kwa pamoja.

Mnaweza kuniuliza: kwa nini mmea ujisumbue hivyo? Si usiku hakuna nguvu, kazi itasimama yenyewe? Hapana, na hili ndilo linalonivutia kuliko yote. Usiku, ndani ya kloroplasti hiyohiyo, wanga uliowekwa mchana unavunjwa, na sukari nyingine inachomwa ili mmea uishi. Ujenzi na uvunjaji vikienda kwa wakati mmoja, mmea utaunguza nguvu zake bure mpaka asubuhi. Ndiyo maana thioredoksini ileile inayoamsha vimeng'enya vya kujenga, inazima kimeng'enya kinachofungua njia ya kuvunja sukari. Amri ni moja, na huku inawasha, kule inazima.

Sasa turudi kwa mharage wetu wa saa nane usiku. Maharage yameongeza kinga nyingine. Gizani hutengeneza sukari maalumu inayofanana sana na kitu ambacho rubisko hukipitia katikati ya kazi yake. Wanafunzi, andikeni jina: kaboksi-arabinitoli-1-fosfati. Inaingia pale rubisko inapofanyia kazi, inang'ang'ania, na rubisko inazimika. Ilitambuliwa miaka ya 1980, baada ya watafiti kushangaa kwamba majani yaliyokatwa kabla ya mapambazuko yalikuwa na rubisko tele isiyofanya kazi, na haikuamka hata ikipewa hewa ya ukaa na magnesi. Viazi mviringo vinayo pia. Ngano na spinachi zinayo kidogo sana. Kumbe mimea haikujiwekea ulinzi wa aina moja!

Na asubuhi, nani anaing'oa?

Hapa naomba tukae zaidi, maana hapa ndipo sayansi hii inapoingia kihambani.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika Chuo Kikuu cha Illinois, kijana mmoja, Chris Somerville, alikuwa akitafuta mimea yenye hitilafu pamoja na Archie Portis na William Ogren. Walitumia kimmea kidogo, Arabidopsis, wakatafuta miche inayostawi ikizungushiwa hewa ya ukaa nyingi na kudhoofika ikirudishwa kwenye hewa ya kawaida. Wakapata mmoja wa ajabu. Rubisko yake ilikuwapo. Ukiitoa nje ya jani na kuipima, ilikuwa nzima kabisa. Ila ndani ya jani lenyewe, hata mwanga ukiwa mkali, haikuamka. Fikirini vizuri: kimeng'enya kizima, malighafi zipo, mwanga upo, na kazi haifanyiki. Waliandika habari hiyo mwaka 1982. Mwaka 1985 Mike Salvucci, Portis na Ogren wakakuta kwamba mmea ule ulikosa protini fulani ambayo mimea mizima inayo. Wakaiita rubisko aktivesi.

Kazi yake ni ipi? Rubisko ikiwa haijaandaliwa, sukari yake yenyewe, ile inayotakiwa kuitumia, inaweza kujichomeka pale pa kazi na kukwama, kama ufunguo usio wake uliokwama kwenye kitasa. Kuandaliwa kwenyewe ni kwamba molekuli moja ya hewa ya ukaa, siyo ile itakayogeuzwa sukari, inajibandika kwenye laisini, mojawapo ya asidi amino zinazoijenga rubisko, halafu magnesi inakaa juu yake. Bila hayo, hakuna kazi. Aktivesi hutumia nguvu ya ATP, molekuli inayobeba nguvu ndani ya seli, kuivuta protini ya rubisko mpaka kilichokwama kitoke. Ile sukari ya usiku ya maharage, aktivesi ndiyo inayoing'oa asubuhi, na kimeng'enya kingine kinaiharibu isirudi. Na kwa kuwa aktivesi inategemea ATP, na katika mimea mingi aina yake mojawapo inategemea pia thioredoksini, mwanga ukipungua nayo inapunguza kasi.

Wazee wangu, sasa sikilizeni tabia yake kwenye joto. Rubisko yenyewe ni ngumu: inavumilia nyuzi 50 na zaidi kabla haijaharibika. Aktivesi si hivyo. Katika mimea mingi ya aina ya kahawa na maharage, jani likipita nyuzi 35 hivi, aktivesi inaanza kushindwa. Steven Crafts-Brandner na Salvucci walilionyesha hili mwaka 2000 kwa pamba na tumbaku. Joto linapanda, rubisko inazidi kukwama, na aktivesi haiwahi kuikwamua.

Nyuzi 35 ni za jani, si za hewa! Jani lililo wazi juani, lenye kiu, upepo ukiwa umetulia, huwa na joto kuliko hewa iliyolizunguka. Mnalijua jua la Januari na Februari mashamba ya chini, Moshi Vijijini, saa saba mchana. Nendeni mkaguse jani la mbuni ulioachwa peke yake juani, kisha mguse la mbuni ulio chini ya mgomba na mringaringa, ule mti wetu wa kivuli. Mkono utawaambia kabla ya kipimajoto. Kahawa arabika asili yake ni misitu ya milimani Ethiopia, chini ya miti mirefu. Jani lake halihitaji jua lote la mchana ili kazi ijae. Likilipata lote, linachopata zaidi ni joto.

Kwa hiyo wazee waliopanga kihamba kwa ghorofa, miti juu, migomba katikati, kahawa chini, na maji ya mfereji yakipita, walikuwa wanalinda protini ambayo dunia iliipa jina mwaka 1985. Nasema hivi kwa heshima, si kwa kuwapamba.

Lakini kivuli nacho kina bei yake, na nisipoisema nitakuwa nimewadanganya. Jani lililokaa kivulini likipigwa ghafla na jua, rubisko yake haiamki mara moja. Inachukua dakika kadhaa aktivesi kuifungua. Samuel Taylor na Stephen Long walikadiria mwaka 2017 kwamba kwenye ngano ucheleweshaji huu unaweza kugharimu asilimia 21 au zaidi ya kazi ambayo jani lingefanya. Ngano ni ngano na kahawa ni kahawa, ila kinachochelewa ni kilekile. Kivuli kizito sana kinachoruhusu vijimwanga vya muda mfupi muda mfupi kinaliacha jani likianza kuamka na kulala siku nzima. Kivuli chepesi, kilichosambaa sawasawa, kinalitunza bila kulinyima.

Nipite haraka kwa jirani zetu wa tambarare. Teremkeni Arusha Chini, kwenye miwa ya kampuni ya sukari ya TPC. Jua kali, joto, na miwa inanawiri. Imewezaje? Mwaka 1966 Hal Hatch na Roger Slack, wakiwa Brisbane kwenye maabara ya kampuni ya sukari, walithibitisha kile watafiti wa Hawaii walichokwisha kukiona kwenye miwa: kaboni haiingii kwanza kwenye asidi ya kaboni tatu, inaingia kwenye asidi za kaboni nne. Anayepokea hapo ni kimeng'enya kingine, PEP kaboksilesi, ambacho hakishiki oksijeni kamwe. Kinaipokea kaboni kwenye seli za nje, inasafirishwa hadi seli zinazoizunguka mishipa ya jani, na huko inaachiwa kwa wingi mbele ya rubisko. Rubisko ikizungukwa na hewa ya ukaa tele, inakosea mara chache sana. Mahindi yenu yanafanya hivyohivyo. Walimu, chukueni jani la mahindi, mliinue kuelekea jua, mtazame kwa kioo cha kukuzia: mishipa imesogeleana sana. Kisha fanyeni hivyo kwa jani la mharage uliopandwa mstari wa pili. Hamtahitaji maabara.

Na mkonge, ule wa njia ya kwenda Tanga, unatumia kimeng'enya hichohicho cha PEP kwa zamu iliyogeuzwa: unafungua stomata usiku, unahifadhi kaboni kama asidi, mchana unafunga na kuitumia. Katika mahindi, kimeng'enya hiki hubandikwa fosfati mchana ili kifanye kazi bila kuzuiwa. Katika mimea ya aina ya mkonge hubandikwa usiku. Mahindi yanafuata mwanga, mkonge unafuata saa iliyo ndani ya mwili wake.

Kabla sijasimama hapa, mzee mmoja alinishika mkono akaniuliza: "Mwalimu, vijana wangu wanataka kukata miti yote kihambani, wanasema kahawa itazaa zaidi. Niwaache?" Nilimwahidi kumjibu mbele ya wote.

Mzee wangu, usiwaache wakate yote. Kahawa iliyo wazi inaweza kuzaa sana pale palipo na mvua ya uhakika, mbolea ya kutosha na ubaridi wa juu mlimani. Wewe uko chini, na mfereji wako, umeniambia mwenyewe, siku hizi hukauka Januari. Huko, jani lisilo na kivuli litapata hasara mbili kwa wakati mmoja: stomata zitajifunga na rubisko itashika oksijeni zaidi, na aktivesi itashindwa na joto. Mringaringa uache. Grevilea zilizosongamana punguza matawi ya chini na ya katikati kabla ya masika, mpaka ukisimama chini ya kahawa saa sita mchana uone mwanga umetawanyika ardhini, usione giza wala mabaka makubwa ya jua. Migomba iliyozeeka ing'oe, ila usiache pengo upande wa magharibi, maana jua la alasiri ndilo linalokuta jani limekwisha kupata joto na kiu. Zamu yako ya maji ikija, mwagilia alfajiri, jani likianza siku likiwa na maji. Na vijana wako waambie waache safu moja ya mibuni bila kivuli, moja wapunguze kivuli kama nilivyosema, wapime kilo za buni kila safu kwa misimu mitatu. Mizani ya chama cha msingi ipo.